Lengelenge

Hakusema paukwa, nami sikujibu pakawa.
Kusumben alikuwa anamenya viazi vya mfungo
jikoni nyuma ya duka, Barabara ya Usambara, Tanga,
usiku wa tatu kati ya zile tisa za Mama.
Ng'ambo, ukumbini, walishaanza kugonganisha vijiti,
na yeye, magoti yamemgomea, akaanza tu:

"Kabla ya kabla hapakuwa na mlango wa kupigia hodi.
Alikuwepo yeye, Shakti.
Hana jirani. Hana hata kivuli cha kugombana nacho.
Akachoka kuwa mmoja.
Sasa niambie wewe, Tabitha:
udongo huna, ubavu wa mtu huna,
utafanyaje?"
Akaweka kisu. "Akasugua viganja."

Akanionyesha: chwa, chwa, chwa,
bangili zikigongana kama vijiko kwenye beseni.

"Kiganja kikavimba. Lengelenge. Likapasuka,
akatoka Brahma, mbichi, amelowa chepechepe.
Mama akasema: nioe, tuanze dunia.
Akasema: siwezi, umenizaa.
Akamtazama mara moja. Jivu.
Akasugua tena. Vishnu. Siwezi. Jivu.
La tatu Shiva, huyu mjanja:
nitakuoa, ila kwanza nipe hilo jicho la kipajini.
Akampa. Naye akamfumbulia jicho lake mwenyewe,
Mama akaungua."

"Na wale wawili wa kwanza?"
"Walifufuliwa, walifufuliwa. Usinikatishe.
Jivu la Mama likagawiwa mafungu:
huyu wa elimu, huyu wa mali, huyu wa nyumba.
Lililobaki, upepo ukachukua."

Kisha, kwa sauti ya chini: pandit haipendi hadithi hii.
Si ya kwao Kachi. Aliachiwa na mke wa karani Mtelugu
wa shamba la mkonge, mwaka ule daraja lilipokatika,
pamoja na sufuria mbili ambazo hadi leo hazijarudishwa.

Mimi ni wa Magila. Nimebatizwa, nimepata kipaimara.
Mungu wangu alinena, ikawa.
Misumari nilihubiriwa; sugu, sikuwahi.
Basi nikiwa na maganda mapajani nikamwona mama yangu,
binti Mhando, anarudi kutoka korona ya Ngomeni,
nyuzi za mkonge zimemnasa nyweleni,
anakaa kizingitini na kutusomea kiganja:
hili sare yako,
hili madaftari ya Hiza,
hili lilipasuka, hatukupata kitu.
Akalitoboa lililofuata kwa mwiba wa mndimu.

Tulifundishwa kuuliza dunia iliumbwa lini.
Siku hizi nauliza inaumbwa na nani asubuhi hii,
huko Ngamiani, kabla ya adhana na kabla ya kengele,
na mkono wake unamuuma wapi.

"Lile jivu la upepo," nikasema, "lilianguka wapi?"
Kusumben akatazama vidole vyangu, kimoja kimoja,
kama mtu anayehesabu chenji.
Akasema viazi vinageuka rangi, nifanye haraka.

Anao wana watatu.
Kila mmoja aliambiwa: baki, tuendeshe duka.
Kila mmoja, kwa simu, kutoka Uingereza: siwezi, Ba.
Hakumchoma yeyote. Kila Januari anawatumia achari ya ndimu,
na kila Januari chupa moja huvunjika njiani.

Saa nne vijiti vilinyamaza, watu wakapita wakicheka,
jasho na marashi vikatuingilia dirishani.
Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, havikunji tena.
Nikapasha mafuta ya nazi kwenye kifuniko cha sufuria,
moja ya zile mbili,
nikavichukua viganja vyake, nikasugua.

Chwa, chwa.

Hakutoka mtu.
Tulikuwa wawili tayari.