Tutoe Kitanda?

Kitabu kilisema: Bwana Fulani ana bustani,
urefu mita arobaini, upana ishirini na tano.
Nikasoma kwa sauti, chaki mkononi,
na darasa zima la saba likaandika elfu moja
pasi na mmoja kuuliza kumepandwa nini.

Huku Pipeline jua hutolewa kwa zamu:
ghorofa ya saba hulipata, ya chini husimuliwa.
Bustani ya karibu ni sukumawiki
ndani ya mtungi wa plastiki uliokatwa shingo,
kwenye roshani ya mama Mutinda.

Nikafunga kitabu.
"Kesho nileteeni sakafu," nikasema.
"Ile mnayolalia. Ipimeni, ichoreni,
mnipe eneo lake kwa mita za mraba."

Kimya. Kisha Mutinda, kutoka dawati la nyuma:
"Mwalimu, na kitanda? Tukitoe?"
Sijafungua mdomo,
Achola akamjibu bila kugeuka:
"Usitoe. Chini yake pia watu wanalala."

Miaka kumi na minne nafundisha eneo.
Sikuwahi kuulizwa hilo.

Asubuhi zikaja karatasi.
Huyu amepima kwa shibiri, yule kwa mti wa ufagio.
Tatu kwa tatu, tatu kwa tatu, tatu kwa tatu,
ungedhani wamenakiliana;
kumbe aliyenakili ni mwenye ploti.

Kerubo peke yake alileta pembe tano.
"Ngazi zinapita kwetu," alisema. "Zimeng'ata kona."
Alitumia futi ya mamake, fundi wa cherehani,
futi ya mita moja na nusu, akailaza mara mbili:
tatu kwa tatu, kasoro pembetatu,
kitako moja nukta mbili, kimo mita moja.

Otwori alilikamilisha umbo kwanza,
akazinyang'anya ngazi kile zilichochukua: tisa.
Kisha akazirudishia nukta sita yao.
Nane nukta nne.
Zuhura akapiga mstari mmoja tu:
chini mstatili, sita;
juu trapeza, tatu na moja nukta nane,
jumlisha, gawa kwa mbili, zidisha kwa kimo.
Mbili nukta nne. Akahesabu tena kwa vidole.
Nane nukta nne.

Nilidhani somo limeisha. Kerubo hakuketi.
"Mwenye duka la mikeka ametuambia mita sita.
Mkeka una upana wa mita mbili.
Hiyo ni kumi na mbili, mwalimu.
Zile tatu nukta sita tutamlaza nani?"

Kengele ikalia, hakuna aliyeisikia.
Tulikata gazeti la wiki iliyopita,
sentimita kumi badala ya mita.
Mita tatu za kwanza zililala bila ubishi.
Moja na nusu tukaipasua katikati kwa urefu,
vipande viwili vikafuatana ukutani kama ndugu.
Nne na nusu.
Kilichobaki ni kona ya ngazi, basi.

Jumamosi mamake alikwenda dukani
na karatasi iliyokunjwa mara nne.
Muuzaji aliisoma, akaigeuza,
akatafuta kosa upande wa nyuma.
"Nani amekupigia hesabu hii?"
"Anayelala hapo."

Shilingi mia sita sabini na tano.
Pakiti tatu za unga, na chenji ya chumvi.

Jumatatu Kerubo alifika na pembetatu kwapani,
ya kahawia, maua mekundu, ncha moja imejikunja.
Nimeitundika kando ya ubao.
Mtu akisahau kimo ni kipi, tunaishusha.
Siku nyingine tunaitandika sakafuni,
na Mutinda huketi juu yake, magoti kidevuni,
tuone kama nukta sita inamtosha mtu.

Inamtosha. Asipojinyoosha.