Ngazi Zilikuwa Kushoto

Tunaanzia stesheni ya Moshi, saa tatu ya asubuhi,
jua likiwa bado na adabu.
Nawahesabu: saba. Nainua mwavuli wangu mwekundu
asipotee mtu, katika mji usiojua kupoteza watu.
Wote wamegeukia kaskazini, shingo ndefu,
wanausubiri mlima uteremshe shuka.
Nawaambia: mlima hauna miadi na yeyote.
Leo tutazame chini:
mataruma, mifereji, vizingiti.

Hapa, nasema, garimoshi lilishusha mabati,
vyerehani, chumvi, taa za karabai,
na watu wenye sanduku moja na jina la binamu;
likarudi Tanga limeshiba kahawa.
Sehemu hii naisema vizuri.
Nimeisema mara mia mbili, na mara zote
natua kidogo baada ya "limeshiba".

Tunapanda barabara. Fundi wa barazani
anavuta cherehani ndani tupite,
anairudisha, pindo linaendelea.
Jengo lina mwaka wa saruji kwenye paji la uso;
tarakimu ya kwanza imebanduka, imesalia 936,
na maharusi waliotoka Dodoma wanacheka,
wanapigana picha chini ya karne isiyo yao.

Kisha nyumba ya Velji.
Hiki ndicho kilele cha matembezi.
Nafunga mwavuli, nashusha sauti:
hapa palikaa mizani ya shaba,
hapa vitabu vya madeni, na hapa, upande wa kulia,
ngazi za mninga alizozipanda kila magharibi
akihesabu kimoyomoyo—

"Kushoto."

Nageuka. Ni Mama Felisiana Mallya,
aliyelipa elfu ishirini kwa noti za elfu mbili mbili,
aliyenyamaza tangu stesheni,
viatu vya kanisani, kitenge chenye mikunjo ya sandukuni.
"Ngazi zilikuwa kushoto. Nyuma. Za chuma."
Nami, kwa upole wa mtu mwenye cheti:
"Mama, michoro inaonyesha kulia."
"Hizo za mninga mimi sizijui.
Sikuwahi kuzipanda."

Kijana anayeuza makava ya simu mle ndani
anasogeza stuli yake bila kuulizwa.
Tunapita kati ya chaja na vioo,
tunatokea uani, penye ndoo na paka.
Ukutani, kushoto, bolti nne.
Kutu imechora machozi hadi chini.

"Natoka Kibosho alfajiri, ngata kichwani,
mkungu wa mshare unanizidi urefu.
Vipandio kumi na tisa. Cha saba kilikuwa kinacheza.
Mpishi alinihesabia senti bila kunitazama,
alikuwa akilinda maziwa yasifurike."
Anavuta pumzi.
"Miaka minane nimepita nyuma.
Nikataka kusikia mbele kunasemwaje."

Sikuwa na la kusema lililoandikwa.

Hapo mtu akapaza sauti mtaani: Umetoka!
Wakakimbia wote, simu juu,
maharusi mbele, hata muuza makava,
na kwa dakika tatu barabara nzima ilikuwa visogo.
Mama Felisiana hakuondoka.
Aliweka kidole gumba juu ya bolti ya tatu
kama mtu anayepima pasi,
akakiangalia, kimegeuka rangi ya matofali,
akakipangusa kwenye kitenge kile kizuri.

Nikatoa kalamu. Karatasi yangu ya maelezo
imevishwa plastiki, haikubali wino.
Nikaandika kiganjani:
kushoto, chuma, kumi na tisa,
cha saba kinacheza.

Saa nane nina kundi jingine.
Nashika mwavuli, nanyoosha mgongo, nafungua mkono:
jasho limekwisha kula "chuma".