Bwana Wanasema

Miaka kumi na tisa nimefundisha historia
kwa daftari moja lenye jalada la buluu,
mgongo nimeushona kwa uzi wa gunia.
Nililinakili kwa mwalimu wangu, Korogwe,
naye alinakili kwa nani, sikumwuliza.
Nasoma, wanaandika. Kengele. Nafuta ubao.

Kisha akahamishiwa kwetu Mkunde Shemhilu,
asubuhi mwalimu wa Kiswahili, mchana mkutubi,
akakabidhiwa chumba kilichokuwa stoo ya majembe
na ufunguo usiofunga.
Wiki nzima alipigana na mchwa.
Wiki ya pili akaja ofisini, vumbi kwenye nyusi,
kuniomba vipindi vinne vya kidato cha pili.
"Vya nini?"
"Vya kutafuta."
Nikacheka. Kutafuta nako kunafundishwa?
Kuku anatafuta, na shule hajaiona.
"Ndiyo maana," akasema, "humeza hata shanga."

Tukaanza na mapango ya Amboni.
Hoza akaandika, kwa mwandiko wa kujiamini:
*Wanasema mbwa aliingia pangoni akatokea Mombasa.*
Mkunde hakumwekea mkasi.
Aliuliza tu: "Huyu Bwana Wanasema
anakaa Ngamiani, barabara ya ngapi?"
Darasa likavunjika mbavu.
Hoza hakucheka. Jioni akaenda kumtafuta.

Mjomba alisikia kwa kinyozi, Barabara ya Nane.
Kinyozi alisikia kwa mteja,
mteja kahamia Muheza, simu haipatikani.
Kwa mama wa maandazi mbwa alikuwa mweusi,
kwa fundi baiskeli ana madoa,
na Mombasa ikageuka Kilimanjaro.
Jumatatu Hoza akarudi, kurasa tatu, jasho:
"Mwalimu, waliosikia nimepata tisa.
Aliyeona, hata mmoja."
"Andika hivyo hivyo," Mkunde akasema.
"Hadithi tusiitupe. Tuiite jina lake."

Wakajifunza kuingia kitabuni kwa mlango wa nyuma,
kwenye faharasa; kisha ukurasa ule tunaouruka,
wenye mwaka, na mji, na aliyelipa kichapwe.
Siku moja ilizunguka picha kwenye simu,
barabara imemezwa na maji, *Chumbageni leo asubuhi*,
na walimu tukaanza kupigia nyumbani.
Kidawa akaikuza kwa vidole viwili.
"Mbona magari yanapita kulia?"

Nilimsifu sana, siku ile.

Alhamisi iliyofuata nikafika kwenye reli yetu,
nikasoma mwaka ulioanza ujenzi,
sauti ileile, pumziko lilelile.
Kidawa akanyoosha mkono.
"Samahani, mwalimu. Umeupata wapi?"

Fimbo ilikuwa mezani. Nakiri niliitazama.
Kisha nikalitazama daftari: mstari ule
haukuwa na baba wala mama.
Miaka yote nikidhani Bwana Wanasema
anakaa kwa kinyozi,
kumbe kakaa kwenye kiti changu, kavaa shati langu,
ana chaki sikioni.
"Sijui," nikasema.
Neno jepesi, lakini lilinikwaruza koo.

Saa nane nikashuka stoo ya majembe.
Vitabu viwili vikanikana,
na vyenyewe kwa vyenyewe havikupatana;
labda kimoja kinahesabu tangu karatasi ya amri,
kingine tangu sururu ya kwanza.
Hoza alikuwa pembeni, ananisogezea cha tatu
bila kuniangalia, adabu ya mtu mzima.
Nikawafikiria niliowapa mwaka ule:
mmoja ni muuguzi Bombo, mmoja yuko bandarini,
mmoja, Mungu anisaidie, ni mwalimu wa historia
na daftari alilinakili kwangu.

Mkunde ana rejista mlangoni.
Jina. Tarehe. Na safu ya tatu, pana kuliko zote:
*Unatafuta nini?*
Nikaandika: mwaka.
Nikakata.
Nikaandika: nilikoutoa.