Mwaka wa Mavi ya Chuma

Sisi wa Wierzchlin tuliuita mchezo ule
kwa jina la kinachobaki tanuri likishakula:
mavi ya chuma.
Ndiyo tuliyomwaga uwanjani, meusi, yenye makali,
toroli baada ya toroli kutoka kiwandani,
na kila Jumapili yalirudi nasi nyumbani
kwenye nywele, kwenye meno, kwenye supu ya mama.

Pikipiki zisizo na breki. Gia moja.
Mizunguko minne, kushoto, kushoto, kushoto tena,
gurudumu la mbele likielekea kulia
kama mume anayemsikiliza mkewe, macho yako kwa jirani.
Mwenda pole hajikwai, alipenda kusema padri wetu,
naye hakukosa mechi hata moja.

Mwaka ule, sabini na nne, hakuna aliyetuhesabu.
Waendeshaji sita, injini nne.
Aprili tulipigwa nyumbani. Mei tulipigwa ugenini, mvuani,
basi likaharibika njiani
na Ireneusz Wnuk akalitengeneza kwa mkanda wa suruali yake.
Sijui ni mkanda ule au ni nini.
Juni tukaanza kushinda.

Bogumił Drzazga alikuwa mwoka mikate.
Saa nane usiku yuko kwenye kinyunya,
saa kumi jioni yuko kwenye utepe,
unga bado kwenye kope.
Kiatu chake cha kushoto, kile cha chuma, cha kuburuta konani,
baba alikichomelea kutokana na jembe la trekta lililovunjika,
akampima mguu kwa uzi, amepiga magoti.
"Kizito," alisema Drzazga.
"Kwani utakimbia nacho?" baba akajibu.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na penseli.
Tatu kwa wa kwanza, mbili, moja, sifuri.
Baba hakuuamini ubao wa uwanja. Aliniamini mimi.

Oktoba, mechi ya mwisho. Sare ingetupa ubingwa.
Mafuta ya mbarika yaliungua hewani, matamu,
yaleyale tuliyonyweshwa tukiumwa tumbo.
Mbio kumi na mbili zimekwisha:
thelathini na sita kwa thelathini na sita.

Utepe ukaruka.
Drzazga akatoka kama aliyesikia harufu ya mkate unaoungua.
Nyuma yake Hajduga wa wageni,
kisha mwenzake mrefu, kisha Wnuk wetu.
Na kwenye kona ya mwisho kabisa
injini ya Drzazga ikakata kauli.
Si mlio, si moshi. Hajduga, akimkwepa, akabiringika.
Yule mrefu akapita. Wnuk akapita.
Refa hakuwasha taa nyekundu.
Watu elfu tisa tukasikia mnyororo ukipoa.

Sheria inasema: sukuma mwenyewe; ukifika, ni yako.
Drzazga akashuka.
Hatua kumi nyuma Hajduga naye akainuka, mkono mmoja ukining'inia,
akaishika pikipiki yake kwa ule mwingine.
Kilo themanini kila mmoja,
kwenye mavi ya chuma yanayodidimia,
na kile kiatu cha baba:
kang', buruta. Kang', buruta.
Hakuna aliyeshangilia. Padri alikuwa anatukana
polepole, kwa Kilatini.

Drzazga alivuka mstari kwa urefu wa gurudumu,
akalala palepale, uso chini,
kama mtu aliyefika kitandani.
King'ora cha kiwanda kililia mpaka mvuke ukaisha.

Mwaka uliofuata aliuza pikipiki, akanunua tanuri jipya.
Hajduga alimletea kadi kila Krismasi;
sijui waliandikiana nini.
Kiatu kinazuia mlango wangu wa uani, upepo ukiwa mkali.

Karatasi ninayo.
Mbio ya kumi na tatu: tatu kwa yule mrefu, mbili kwa Wnuk,
kisha nafasi tupu,
maana penseli ilivunjikia ngumini mwangu
na sikurudi kuijaza.
Thelathini na nane kwa thelathini na tisa.
Kwa hesabu yangu, mpaka leo, tulishindwa.