Kulala Kalinzi

Sharti la Bibi Bitaliho lilikuwa moja:
nendeni mnakotaka, kulala mlale hapa.
Basi kila alfajiri, ukungu ungali umekalia mibuni,
Gwasa alipiga honi mbili za Probox yake,
nasi tukateremka kwenda kuyaona maji
na magharibi tukapanda, miguu ina mchanga,
kama watu walioazima kitu cha watu wakakirudisha.

Jumatatu, Ujiji.
Milango mizito kuliko kuta zinazoishika,
vibaraza vilivyong'arishwa na makalio ya vizazi.
Mtunza makumbusho alituchorea kwa fimbo
njia ya pembe na minyororo,
akasema zamani ziwa lilifika hapa,
hapa penye viatu vyake,
kisha likajiondokea.
Evarist akauliza: liliona nini?
Mtunza makumbusho akafuta mchoro kwa mguu.
Tulinunua mawese, chupa moja,
mekundu, jua lililotiwa kizibo.

Jumatano, Katonga.
Dagaa wametandazwa mchangani, fedha ya siku moja,
na wanawake wanawageuza kwa mifagio
wakisengenya bei ya Kongo.
Levina, mtoto wa Temeke,
alichota maji kwa kiganja, akaonja,
akatema kwa mazoea,
akaonja tena.
"Baba, hawa wamesahau chumvi!"
Mchuuzi mmoja alicheka mpaka akakaa chini,
akatuongezea kopo zima la bure
kwa ajili ya ziwa lisiloungwa.

Tukirudi, Bibi hakuuliza tulikokwenda.
Alivuta kola ya shati langu, akanusa.
"Ujiji. Mmesimama karibu na wakamua mawese."
"Katonga. Na mmekaa upande harufu inakokwenda."
Kisha huyo, kwenye kichanja chake cha kahawa.
Tulimwambia twende wote, kiti cha mbele ni chako.
"Miguu," alisema.
Miguu ileile ilikuwa imetoka bondeni
na ndoo ya lita ishirini,
wala haikumwaga tone.

Ijumaa, stesheni.
Jengo la Wajerumani, matao yake marefu
yakilitazama ziwa kama karani anayesubiri saa ya kufunga.
Treni haikuwapo; siku yake ilikuwa kesho, au ya kuambiwa kesho.
Watoto walitembea juu ya chuma, mikono wameinyoosha,
hadi pale chuma kinapoingia majanini na kukoma.
Nikapiga picha,
nikasema kama asemavyo mgeni:
hapa ndipo reli inapoishia.

Jioni Bibi alinusa kola.
Akanusa tena.
"Grisi," alisema, akaiachia.
"Tulikwenda kuona reli inapoishia, Bibi."
"Inapoanzia."

Akaendelea kuchambua kahawa, mbovu kushoto, nzima kulia,
na bila kupandisha sauti akasema habari ya vijana wa mlima huu
walioitwa kwa namba badala ya majina ya baba zao,
wakashuka kwenda kukata mkonge Tanga.
Ruhomvya alikuwa namba arobaini na moja.
Shati alimshonea mwenyewe;
kifungo kimoja hakikufanana na vingine,
naye akawa anakifunika kwa kidole mpaka dirisha likapita.
"Nilishuka asubuhi, nikapanda jioni.
Kama nyinyi tu.
Yeye ndiye aliyelala huko."
Punje mbovu ikaenda kulia. Akaitazama, akaiacha.

Jumamosi honi zililia mbili,
zikalia tena mbili,
Gwasa akazima gari, akaja kuomba uji.
Hakuna aliyetafuta viatu.
Tulishinda kichanjani, viganja vikageuka utomvu,
na jua lilipoinama nyuma ya kilima
Levina alivuta pindo la kitenge cha Bibi,
akazika pua humo, akanusa kwa muda mrefu,
nami nikaona midomo yake
ikitafuta jina la mahali.