Tofaa la Jicho

Mwalimu Kitsao aliandika ubaoni:
Wewe ndiwe tofaa la jicho langu.
Waingereza, akatwambia, husema hivyo
wakimpenda mtu hata yakawaishia maneno.
Zamani walidhani mboni ni kitu kigumu,
cha duara, kama tunda;
wakatazama miti yao, wakaokota tunda hilo.
Sisi wa madawati ya nyuma tulicheka.
Tofaa la kwetu Lamu lina umbo la kengele,
ulitie jichoni uone.

Siku ya pili: Nakuvulia kofia.
Askari wa kale walivaa chuma kichwani;
kuivua ni kusema, kichwa changu hiki hapa,
ukitaka kipige.
Siku ya tatu: Naabudu ardhi unayoikanyaga.
Shee Mbwarafu akainua mkono:
"Hiyo tutaiandika, Mwalimu. Kuisema, hapana."

Mtihani ukaja, nikawa wa kwanza.
Nikakimbia vichochoro vya Mkomani,
nikawapisha punda wawili wa mchanga,
nikamkuta mama dakani, kofia ya watu pajani,
vitundu mia kadhaa, kila kimoja
kimezungushiwa uzi kwa mkono.
Ada yangu ya shule ilitoka humo, kitundu kwa kitundu.
Nikasimama mbele yake, nikaitoa yangu kichwani:
"Mama, nakuvulia kofia."

Sindano ikasimama.
"Ina nini? Yakubana?"
"La. Ni heshima."
"Miezi mine nimeishona, wewe waivua mbele yangu!
Irejeshe kitwani."

Nikairejesha. Nikajaribu nyingine:
"Basi wewe ni tofaa la jicho langu."
Akacheka, akaisogeza kazi karibu na uso,
karibu mno, kama anayeinusa.
"Mimi langu halina tofaa.
Yeo daktari amenambia, mato yote mawili yana mtoto.
Wa kulia, wa kushoto,
na wa tatu ni wewe, usotaka kuvaa kofia."

Ndipo nikayatazama.
Ukungu mweupe, kama maziwa yaliyomwagiwa maji.
Uzi ulikuwa umemchomoka,
naye aliupapasia tundu la sindano,
akakosa, akaulamba, akakosa.
Niliupokea bila neno.

Wiki ile Mwalimu alitaka mfano wetu wenyewe
wa kumsifu mtu kwa moyo wote.
Niliandika: Namtilia mama uzi sindanoni.
Daftari likarudi na mstari mwekundu:
Hii si nahau.

Jioni nilitia uzi mara kumi na moja.