Kesi ya Unyevu

Barua iliingia Jumanne kwa pikipiki ya Nyemo,
kurasa tisa, mhuri mwekundu.
Inasema ufuta wetu ulifika kule ukiwa na maji.

Maji!
Sisi wa Igandu, ambao ndoo moja
huosha uso, kisha sahani, kisha mbuzi akamalizia,
tumeshtakiwa kwa unyevu.

Asilimia sita, ulisema mkataba.
Kumi na moja, imesema mashine yao.
Mimi ndiye katibu, sahihi ni yangu,
kwa kalamu niliyoazima kwa mwalimu Chidumizi.
Siku nne tuliuanika juu ya maturubai,
ukilia chini ya reki
kama mvua ya uongo.

Usiku nimeurudia mkataba kwa tochi ya simu.
Kifungu cha tano: mzigo ukishapakiwa melini
hasara ni ya mnunuzi. Nikatabasamu.
Kifungu cha kumi na tisa: sheria itakayotumika si ya hapa.
Kifungu cha ishirini, herufi za ukubwa wa chawa:
mgogoro wowote ataamua msuluhishi mmoja,
katika mji wao.
Mkutanoni nilikifasiri hivi:
"Tukikosana, tutakaa tuzungumze."
Sikuwaambia tutakaa wapi.

Mama Sechelela aliuliza leo, mbele ya watu,
"Huko mvua hunyesha?"
Nasikia hunyesha kila siku.
"Basi wamepima hewa yao."

Wakili wa mjini, ghorofa ya pili, jirani na Sabasaba,
alisoma, akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya tai.
Hoja mnayo, akasema. Nauli ya hoja ndiyo hamna.
Kumwita msuluhishi tu, kabla hajafungua kinywa,
ni magunia mia na thelathini.
Tuliuza mia na tisini.

Na fedha?
Fedha zipo, benki imeziahidi kwa maandishi,
zinangoja karatasi moja tu, cheti cha mpimaji.
Mpimaji huteuliwa na mnunuzi.
Akaweka kidole hapo.
Chini ya kidole, jina langu,
kwa mwandiko mzuri kuliko wote niliowahi kuandika.

Lakini ninalo kopo.
Kopo la maziwa ya unga, kilo moja ya mzigo ule ule,
siku ya kupakia tulilifunga kwa lakiri ya mshumaa,
na wakala wao, akicheka, akalitia sahihi.
Alidhani ni mila zetu.

Nalitikisa sikioni.
Kavu, linasema. Kavu, kavu.

Basi la alfajiri huondoka saa kumi na moja.
Nitalipakata kopo hadi Dodoma, sitalifungua,
hata konda akiuliza nimebeba nini.
Nitatafuta mashine, na mtu wa kuiamini,
na mtu wa kumwandikia yule anayeiamini nyingine.
Mama Sechelela ameniletea nauli, noti zimekunjwa kitambaani,
zimelowa jasho la kiganja chake.

Nimezianika dirishani kwanza.